Kichuguu Chenye Mlango

Wajukuu zangu, wiki iliyopita walikuja vijana wanne nyumbani kwangu Izia, hapa Sumbawanga, simu mkononi, viatu vimejaa vumbi. Wana kikundi chao cha kutembelea majengo ya zamani na kuyapiga picha. Watatu waliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee." Wa nne alijisahau akasema, "Mambo, mzee!" kisha akaziba mdomo kwa mkono. Nikamjibu, "Poa, mshikaji." Walicheka mpaka kuku wakakimbia.

Walitaka kujua nilifanyaje kazi ya kuandikisha majengo ya kale miaka yote ile bila simu ya picha. Nikawaambia nitaandika, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo narukaruka. Sasa nimeandika, na naona bado nimerukaruka. Mtanisamehe.

Nilikuwa karani wa utamaduni katika halmashauri. Kazi yangu ilikuwa daftari moja kubwa lenye jalada jeusi, na kila ukurasa ulikuwa na safu tano: jina, mahali, umri, hali, maelezo. Kanisa, ukumbi, ghala, daraja, magofu ya boma, chochote cha kale kilichosimama au kilichokuwa kikianguka taratibu, kiliingia mle. Nilikuwa hodari. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ila mjue kwamba kosa nitakalowasimulia halikufanywa na mjinga. Kwa neno moja nililoandika bila kushuka kwenye baiskeli, nusura nifute kitu kilichosimama tangu enzi za mababu, na mwenye kitu chake akaja ofisini kuniuliza swali ambalo nikilikumbuka masikio yangu bado yanapata joto.

Lakini lazima nianze na sinema.

Siku yangu ya kwanza kazini, Mzee Optatus, karani niliyekuja kurithi daftari lake, alinipeleka mjini mbele ya jengo pana lenye mlango wa bati. Ndani kulikuwa na magunia ya mahindi, mizani, na paka mmoja mnene. "Andika," akasema. Nikaandika: Ghala la mahindi. Hali: nzuri. Nikampa daftari nikitegemea sifa.

"Umelizunguka?"

"Si naliona lote kutoka hapa, mzee?"

"Unaona uso. Hata mkwe ukimwona uso tu hujamjua."

Nikalizunguka. Nyuma, juu sana ukutani, niliona vidirisha viwili vidogo vya mraba, vimezibwa kwa matofali. Hakuna mtu anayemwekea gunia dirisha la kuchungulia. Niliporudi ndani nilimkuta mwenye jengo, Bi. Zuhura, binti wa mfanyabiashara aliyelijenga. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao chenye namba kumi na saba mgongoni.

"Karani mpya," akasema, "hebu nisimamishie gunia hilo."

Nikalisimamisha wima. Likainama mbele taratibu, likalala kifudifudi.

"Yote yanafanya hivyo. Yanaelekea mbele kutazama picha." Akachukua punje ya mahindi, akaidondosha sakafuni. Ikabiringika peke yake, ikapita kati ya magunia, ikaenda kusimama chini ya ukuta wa mwisho. "Pale ndipo palipokuwa na pazia. Baba alijenga sakafu ya mteremko ili wa nyuma nao waone. Sinema imekufa, mteremko haujafa. Sasa andika vizuri, mwanangu, usije ukamzika baba yangu kwenye ghala."

Neno "ghala" nililichora mstari mmoja, nikaandika juu yake "ukumbi wa sinema", nikatia sahihi. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya daftari letu: kosa halifutwi. Linachorwa mstari mmoja ili lisomeke, neno la kweli linaandikwa juu yake, na anayetia sahihi anatafuta shahidi. Mzee Optatus hakuruhusu kifutio ofisini. "Ukifuta," alisema, "atakayekuja atadhani ulizaliwa unajua."

Na kanuni ya pili nyie vijana iandikeni kwenye simu zenu: usiandike kitu ambacho hujakizunguka.

Baada ya hapo nilijifunza mengi kwa miguu. Mkitaka kusoma ule mstari wa maduka ya zamani yenye baraza, ambayo siku hizi nusu yake imefungwa, msiende jua likiwaka. Nendeni mvua ikikatika. Ukuta ukilowa, rangi ya juu inakuwa nyembamba, na majina ya zamani yanachungulia kutoka chini: cherehani, chai, nguo za sikukuu. Msimuulize bibi, "Jengo hili lina umri gani?" Atawapa jibu la kuwafurahisha. Muulizeni, "Ulipoolewa, lilikuwa limeezekwa majani au bati?" Hapo hadanganyi mtu, kwa kuwa siku ya harusi kila mtu anakumbuka alipojikinga mvua. Na mkishuka bondeni kama nilivyoshuka mimi mara ya kwanza kwenda Mtowisa, vueni sweta mapema. Mimi niliteremka na sweta la baridi ya Sumbawanga, nikafika nimelowa jasho kama niliyevuka mto, na watoto wakanifuata wakiimba, "Mgeni wa baridi! Mgeni wa baridi!"

Sasa kosa lenyewe.

Nilikuwa nimeshafanya kazi miaka mingi. Mzee Optatus alikuwa amestaafu, daftari lilikuwa langu, na kofia yangu ilikuwa imeanza kunibana. Ofisi ilinituma kupita vijiji kadhaa kando ya njia ya kwenda Matai, nikaandikishe kila kilichopo, maana palikuwa na mpango wa kujenga nyumba za walimu na wajenzi walitaka kujua wapi pachimbwe udongo na wapi pasiguswe. Kijiji cha mwisho nilikifikia alasiri. Manyunyu ya baridi yalikuwa yakipiga, tumbo lilikuwa tupu, na mnyororo wa baiskeli ulikuwa umechomoka mara tatu. Ng'ambo ya shamba la ulezi, juu kidogo mlimani, niliona vitu viwili vyekundu vimesimama kwenye nyasi, kimoja kirefu kuliko mtu, vimekaa kama vichuguu. Nyanda zetu zina vichuguu kila upande. Nikaegemeza mguu mmoja kwenye jiwe, nikaweka daftari juu ya usukani, nikaandika: Vichuguu viwili. Hakuna jengo. Nikatia sahihi nzuri yenye mkia.

Sikuzunguka. Hata kushuka sikushuka.

Ikapita miezi. Asubuhi moja aliingia ofisini bibi mmoja mwembamba, khanga mbili, miguu imejaa matope ya safari. Nikasimama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye karani wa vitu vya kale?"

"Ndiye mimi. Karibu kiti."

Hakukaa. Alifungua fundo la khanga, akatoa kitu cheusi kama ngumi, akakiweka juu ya daftari langu.

"Hiki nini?"

"Jiwe, bibi."

"Linyanyue."

Nikalinyanyua. Mkono ulishuka kwa uzito. Lilikuwa jeusi, lina matundu, na upande mmoja liling'aa kama lililowahi kuwa uji.

"Hayo ni mavi ya chuma," akasema. "Yametoka kwenye kitu ulichokiita kichuguu. Sasa nijibu, maana wewe umesoma na mimi sikusoma: tangu lini kichuguu kikanya chuma?"

Mpiga chapa aliinama chini ya meza akijifanya ameangusha kitu.

Bibi huyu jina lake Leokadia, na ukoo wake walikuwa wafua chuma. Vitu vile viwili vilikuwa malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa wa zamani waliyeyushia mawe ya chuma kwa makaa, uchafu ukatoka kuwa mavi yale, chuma kikafuliwa majembe yaliyolima nyanda hizi kabla jembe la dukani halijafika. Ilungu moja hujengwa kwa udongo wa kichuguu. Likiachwa miaka mingi mchwa hurudi, wakalipaka tope lao, likaonekana kichuguu tena. Hivyo macho yangu hayakudanganywa na mjinga, yalidanganywa na mchwa. Hilo lilinifariji kidogo. Bibi hakufarijika hata kidogo.

"Wajenzi wanachimba tangu juzi," akasema. "Dogo wameshalimaliza. Kubwa wanaanza leo. Nikawaambia ni la babu, wakanionyesha karatasi yenye jina lako."

Gari la ofisi lilikuwa limeharibika. Nikakimbia mpaka kwa Bi. Zuhura, ambaye wanawe walikuwa na malori, nikamweleza nikihema. Alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Wewe na kuzunguka!" Kisha akampigia kelele dereva wa lori la chumvi lililokuwa likienda Matai. "Huyo bibi mkalishe mbele. Karani mweke nyuma na chumvi, labda ataiva."

Tulifika jua limeshapanda. Lile ilungu dogo lilikuwa limebaki duara la udongo lisilofika magotini. Kubwa lilikuwa bado limesimama, lakini upande wa juu lilikuwa na makovu mapya ya sururu. Msimamizi wa ujenzi, kijana aitwaye Baraka, alikuja kutupokea kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, simamisha kazi. Hiki si kichuguu."

Akatoa karatasi mfukoni, nakala ya ukurasa wa daftari langu. "Mzee, mimi nafuata karatasi. Imeandikwa vichuguu viwili, hakuna jengo. Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na sahihi hii yenye mkia?"

"Yangu."

"Basi mzee, unabishana na wewe mwenyewe. Mkikubaliana mniite."

Mafundi walicheka, na mimi ningecheka kama ningekuwa fundi. Lakini Baraka hakuwa mtu mbaya. Alisema sakafu ya nyumba ya mwalimu lazima ijazwe kifusi kabla ya siku ile kwisha, na barua ya ofisi ingechukua wiki. "Nionyeshe tu, mzee. Kama ni tanuri lina mlango. Kama lina mlango, nachimba kwingine. Kama halina, naendelea."

Basi nikazunguka. Baada ya miezi yote ile, mbele ya watu kumi na mmoja na mbwa wao, nilizunguka kile nilichopaswa kuzunguka siku ya kwanza. Nilihesabu hatua tisa. Sikuona mlango. Niliona ganda la mchwa, nyasi, na mwiba ulionichana suruali mahali ambapo sitapataja. Nikazunguka tena. Hakuna.

Baraka akatazama jua. Fundi mmoja akatemea viganja mate, akashika sururu.

"Karani," bibi Leokadia akaniita, "unatafuta mlango wa nani?"

"Wa tanuri, bibi."

"Mbona unautafuta kwa urefu wako? Tumbo la ilungu linazidi kuzama kila masika. Piga magoti kama mtu anayeomba radhi."

Nilipiga magoti. Na hapo fundi matofali, mzee mwenye mikono myekundu hadi kwenye viwiko, akasema bila kumtazama mtu, "Mimi sijui malungu. Ila udongo wa lile dogo nimeulaani tangu juzi. Nikiufinyanga haushikani, unamong'onyoka kama ugali wa jana. Ndiyo maana nikasema uwe kifusi, tofali hautoi. Udongo wa namna hiyo ulishapikwa."

"Umepikwa na nani?" Baraka akamuuliza.

"Si mchwa."

Nikaomba jembe. Nilikwangua chini kabisa, palipokutana udongo na nyasi. Ganda la mchwa likabanduka vipande vipande. Kiganja kimoja, viwili. Kisha jembe likazama lenyewe kwenye uwazi. Nikalitupa, nikaendelea kwa vidole, na tundu likatokea: tao dogo, limepindwa vizuri kama mlango wa nyumba ya kuku. Nilipofukua pembeni nikapata la pili, kisha la tatu. Ndiyo matundu yaliyokuwa yakivuta upepo kulisha moto. Nikaingiza mkono mpaka begani. Ndani, ukuta ulikuwa laini, mgumu na baridi.

"Njoo, mwanangu," nikamwambia Baraka. "Ingiza mkono."

Alisita. "Nyoka je?"

"Wangu uko humo bado. Kama yupo, ameshashiba."

Akalala kifudifudi na shati lake safi, akaingiza mkono. Nilimwona akipapasa. Uso wake ulibadilika polepole. Akautoa mkono ukiwa mweusi mpaka kwenye kiwiko, akautazama mbele na nyuma.

"Kama chupa," akasema. "Ukuta wa ndani umeyeyuka ukawa kama chupa." Akawageukia mafundi wake. "Jamani, mchwa hawaweki vigae. Wekeni sururu chini."

Bibi Leokadia hakupiga kigelegele. Alienda akaliegemea lile ilungu kwa mgongo, kama mtu aliyefika kwao, akavua kandambili akakung'uta mawe.

Daftari lilikuwa mjini, kwa hiyo kosa tulilirekebisha palepale juu ya karatasi ya Baraka. Nilichora mstari mmoja juu ya "vichuguu viwili", nikaandika juu yake: "Malungu mawili; moja limesimama, moja limechimbwa kwa kosa la karani." Nikatia sahihi, safari hii bila mkia. Shahidi akawa bibi. Wino wa dole gumba hatukuwa nao, ila mkono wa Baraka ulikuwa bado mweusi wa masizi ya ndani ya tanuri. Bibi akabonyeza dole lake kwenye kiganja cha Baraka, kisha kwenye karatasi. Mimi nimeona mihuri mingi ya serikali, lakini mmoja tu uliopigwa kwa wino wa kitu chenyewe.

Nilitaka pia udongo wa lile dogo urudishwe. Bibi akakataa. "Uji ukishamwagika huuzoi kuurudisha chunguni. Utanirudishia vumbi, si ilungu. Waache wamalizie nyumba, mwalimu naye ni mtu."

Ofisini niliandika ripoti, na mkuu wangu wa kazi akaniita akiwa ameishika kwa ncha za vidole. "Karani, umeandika 'mavi' mara sita kwenye barua ya serikali."

"Mavi ya chuma, mkuu. Ndilo jina lake."

"Hakuna neno lingine?"

"Lipo la Kifipa, mkuu, lakini mpiga chapa hawezi kuliandika."

Akaifikiria kidogo, akaigonga muhuri. "Ipelekwe. Wakiniuliza nitasema ni yako."

Kesho yake nilifanya jambo moja zaidi, na hilo lilimshinda kabisa. Nilifungua ukurasa mpya wa daftari la majengo ya kale, nikaandika: Nyumba ya mwalimu. Umri: haijaezekwa. Akasoma, akavua miwani. "Nyumba ya mwezi huu unaiweka kwenye orodha ya kale?" Nikamwambia asome safu ya maelezo: Sakafu ni ilungu. Ilungu dogo halikupotea, lilihamishwa bila ruhusa, na kazi yangu ilikuwa kuandika mahali vitu vilipo.

Lile kubwa lipo mpaka leo. Wale vijana wanne wameshalipiga picha, na picha zao zinaonyesha wamepiga pande zote, hata chini kabisa kwenye matundu, wakiwa wamelala kifudifudi. Bibi Leokadia alishatangulia. Pale alipokuwa akiegemea, nyasi zilichukua muda kuota.

Mimi mwenyewe nilipita kijijini mwezi uliopita kusalimia. Kwenye nyumba ile sasa anaishi mwalimu wa hisabati, dada mchangamfu, mgeni wa mkoa, aliyenikaribisha chai na viazi vitamu. Nikasifu nyumba yake. Akasema, "Ni nzuri, baba, ila ni ya kawaida tu, kama zote za halmashauri. Kitu kimoja kinanishangaza: mvua inyeshe vipi, sakafu haitoi unyevu."

Nikaweka kikombe chini. Nikamweleza kwamba alikuwa akipika, akisahihisha madaftari na kulala juu ya ilungu. Nilimweleza na jina la aliyekosea. Alitazama miguu yake kwa muda, akavua ndala, akazipanga kando ya mlango. Kisha akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona anapita, akapotea, akatokea dirisha la pili, polepole, mkono mmoja ukigusa ukuta. Alikuwa anaizunguka nyumba yake.